Ukili wa Mama

Musoma, 14 Aprili 1953
Asubuhi mvua nyepesi kutoka ziwani, na baridi.

Dada Tabu,

Salaam kwako na kwa shemeji huko Bunda. Kuku wako ameangua.

Baridi yabisi ya Mama imetulia kwa vidonge vya daktari, vidole vimepungua kuvimba. Ndiyo maana naogopa, kwa kuwa bado hataki kula wala kutoka chumbani. Mwanzo alikuwaga anahuzunika kwa sababu ya viungo. Sasa naona viungo vinamuuma zaidi siku za huzuni.

Uliagiza asiguse kazi, nami nikampa jirani Kudura ukili wake wote aliousuka kwa ajili ya mikeka. Jana Kudura alipita na mkeka mpya begani, kaushona kwa ukili ule. Mama akaniita.

"Twalib, mirathi mmeanza kugawa lini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mngeningoja kidogo," akasema. "Sitachelewa."

Leo sikwenda ofisini, na vidonge nimevifungia sandukuni mwangu, namtolea kimoja kimoja, asije akavimeza vyote. Nilimwomba Kudura miyaa ya kusukia ukili, nikampelekea Mama, akaisukuma. Basi nikakaa mbele yake nikasuka mwenyewe. Alivumilia kidogo, kisha akaninyang'anya.

"Toa mikono yako. Unanitia aibu kwa majirani."

Amesuka urefu wa kiganja, machozi yanamtoka kwa maumivu, huku akinitukana. Sijui nimemsaidia au nimemtesa.

Usiandike tena kwamba apumzishwe. Njoo ukae naye, ulete miyaa.

Mama amelala saa nane hii ya mchana, ukili bado uko mkononi.

Mdogo wako,
Twalib