Kambale wa Shangazi

Korogwe, Alhamisi

Ningefanyaje? Juzi tu aliyelalamikia maji alichapwa viboko ishirini na tano, na mimi mkalimani ndiye niliyevihesabu.

Leo shangazi yangu alipanda kutoka kijijini na kapu la kambale wembamba, wamejaa tope. "Mwambie Mdachi wako hawa ndio wa mwisho. Tangu azibe mto kwa ajili ya mkonge wake, huko chini tunawafukua kama viazi. Afungue maji."

Nikamwambia Bwana, "Amekuletea zawadi."

Bwana akafurahi, akampa mche wa sabuni.

Shangazi aliugeuzageuza, akanitazama. Ndiye aliyenilea, akiniogesha katika mto huo huo. Kisha akanipigia goti.

"Shikamoo, bwana."

Na mimi, kwa kuwa Bwana anatazama, nikaitikia marahaba.