Msiba Wangu wa Jumanne

Jumanne, 13 Mei 2025

Wanaisimulia vibaya wote. Hashil wa dukani anasema nilitoka chumbani nimejitanda shuka nyeupe, nikapunga mkono kama bwana harusi. Mwongo. Shuka ya bluu, ina maua. Farida jirani anasema alizimia. Hakuzimia, alikaa tu chini — mwili ule ungeanguka, Mbagala nzima ingejua.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wangu Lusungu, miaka kumi na moja, anasomea nyumbani. Shule ilihamia mbali, wazazi wako kazini. Mwanangu Edgar anauza ndizi Mabibo, anatoka na giza. Mkewe Auleria karani mjini, naye anatoka na giza. Mwalimu anakuja saa mbili. Auleria kabandika ratiba ukutani — mie shule sijakanyaga, herufi nilizipata kisomo cha watu wazima, lakini hata mie naona haina nafasi ya kupiga chafya. Tarumbeta, ambalo Lusungu kaazimwa na bendi ya kanisani, limepangiwa saa kumi na mbili asubuhi.

Leo kajaribu wimbo mpya. Wimbo gani? Ule wa kuzikia! Kwetu Tukuyu tarumbeta likilia alfajiri kwa wimbo ule, watu hawaulizi, wanachukua jembe. Na mtaa huu nusu ni wa kwetu, nusu wameshazoea misiba yetu. Wakajiuliza, nyumba ile mzee nani? Mie. Wakaja na viti, masufuria, turubai. Mie nimelala! Nikasikia nje wanasema nilikuwa mtu mwema. Nikanyamaza kidogo nisikilize.

Nilipotoka Hashil akaniambia, "Mzee, rudi ndani ufe vizuri, turubai tumeshafunga."

Mtoto kupuliza vizuri sishangai. Damu. Tarumbeta la kwanza la bendi Tukuyu nilikuwa mie. Nikipuliza, ng'ombe wanarudi zizini wenyewe.

Jumatano, 14 Mei 2025

Nyumbani hakuna anayecheka. Kumbe Farida alishampigia Auleria simu, baba mkwe hatunaye. Maskini kashuka njiani, karudi analia, kafika kazini saa tano. Bosi kamwambia hii mara ya tatu mwezi huu, ya nne asije. Zile mbili za kwanza alitoka mapema ili ampeleke Lusungu mazoezi ya bendi. Edgar naye kaacha lori la ndizi linashushwa hana habari nalo.

Jioni Auleria kalitia tarumbeta kwenye mfuko. Linarudi kanisani.

"Baba, masomo yapo, kazi ipo. Cha kupunguza ni hiki."

Kasema polepole, hajaniangalia. Lusungu hakulia. Kaendelea na hesabu zake, mkono wa kushoto umeshika penseli. Mkono wa kulia, vidole vitatu vinabonyeza meza. Vinabonyeza tu.

Alhamisi, 15 Mei 2025

Nimeingilia kati. Nimekwenda kwa Audax, mkuu wa bendi. Kasema wenzake wanafanya mazoezi kila jioni, asiye na wa kumleta hawezi kubaki. Mie kumleta kila jioni siwezi, magoti. Ila, kasema, kama nyumbani yupo mtu mzima anayelijua tarumbeta, amfundishe huko, mtoto aje Jumamosi tu.

Nikajigonga kifua. "Unaongea naye."

Kafurahi. Kasema keshokutwa tuje wote wawili, amsikilize mwanafunzi, halafu amsikilize mwalimu.

Auleria kanikorogea chai mwenyewe, katia tangawizi. Anasema kumbe Baba una kazi yako na unakaa tu. Ule mfuko kaufungua. Kwenye ratiba kaandika saa tisa mchana: Tarumbeta — Babu. Jina langu ukutani!

Ijumaa, 16 Mei 2025

Lusungu anataka tupulize pamoja. Nimemwambia fundi halichoshi tarumbeta siku moja kabla. Jino linanisumbua pia.

Jumamosi, 17 Mei 2025

Niko kwenye benchi nje ya ukumbi wa kanisa. Lusungu yuko ndani. Wimbo uleule! Mpita njia kavua kofia. Anapuliza vizuri kuliko Jumanne, hata mie marehemu nakiri.

Kabla hajaingia kaninong'oneza, "Babu, usiwaaibishe sana wale wakubwa."

Auleria katuma ujumbe kutoka kazini. Anauliza wamesemaje.

Humu daftarini hasomi mtu, basi. Bendi ilikuwepo kweli. Ng'ombe walikuwepo. Na mie nilikuwa mstari wa mbele, watu wote wananiona. Tarumbeta ndilo nililotia chumvi. Nilikuwaga nabeba ile ngoma kubwa. Na kupiga alikuwa anapiga mwingine, anakuja nyuma yangu. Mie mgongo tu.

Lusungu katoka. Anacheka meno yote nje. Kanipa tarumbeta, pale pa kupulizia bado pa moto. Audax kashika mlango, ananiita Mwalimu.