Bomba Chini ya Lengalenga

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Kolwezi. Mvua tangu asubuhi, umeme umekatika, nina kalkuleta na hasira tu. Mradi wa maji wa Mutshatsha umeniharibia siku! Hesabu yenyewe rahisi: chukua thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika, gawanya kwa pesa zilizotumika. Ukipata moja, kila dola imezaa kazi ya dola moja. Chini ya hapo, tunakula hasara. Mimi nimepata 0,58. Nikarudia. Vilevile.

Mkataba unasema chini ya 0,80 mfadhili anasimamisha kazi. Ijumaa anakuja mjumbe wao, Madame Jocelyne. Bosi wangu, Injinia Josias, aliangalia karatasi, kisha dirisha. Akasema tuombe Mungu. Basi mji mzima urudi mtoni na madumu, kwa hesabu niliyoipiga mimi! Chakula hakikupita.

Jumanne, 19 Novemba

Kuna kitu hakikai sawa. Mabomba yamenunuliwa, yamefika, vibarua wamelipwa — lakini ripoti za Tata Ntambwe, msimamizi wa kazi kule, zinasema mabomba: sifuri. Wiki hadi wiki, sifuri! Wanacheza ngoma huko?

Nikampigia. Mtandao mbovu, tukapigiana kelele. Mabomba yako wapi, Tata?

"Iko mu udongo, Mama Mushiya. Karibu yote."

Sasa kwa nini sifuri? Akashangaa kweli.

"Mayi haiyatoka! Kama mayi haiyatoka, mi naandika nini?"

Ah, Tata! Amezeekea kazi ya reli, na huko, kasema, ukiandika treni imefika kabla haijafika, unafukuzwa. Kwa hiyo sisi gharama tunaandika zote, yeye kazi ya mabomba haandiki hata moja; ile 0,58 yote ni ya tangi la maji tu. Nilicheka peke yangu hadi Josias akachungulia mlangoni. Mkataba unahesabu hatua tatu: kuchimba, kulaza bomba, kujaribu maji. Mbili za kwanza tunazidai kwa haki! Josias hakucheka. Akasema niende nikapime, nione kwa macho yangu.

Jumatano, 20 Novemba

Mutshatsha. Matope hadi magotini. Na mitaro — hakuna mitaro! Mvua ilikuwa inaibomoa kingo, vibarua wakaifukia haraka. Nimesafiri njia yote ile kuja kupima ardhi tupu? Nilitaka kulia, nasema kweli.

Halafu nikaona. Lengalenga, mchicha wetu wa huku, mstari mmoja mwembamba, kijani, kutoka kwenye tangi hadi sokoni. Unakata njia, unapita nyuma ya kanisa, unaendelea. Wanawake wa hapa hawawezi kuona udongo uliolegea ukakaa bure msimu wa mvua. Nyuma ya koleo la mwisho, mbegu! Tata Ntambwe aliwaachia. Anasema mwenye mboga hamwachi mtu achimbe, kwa hiyo bomba lina walinzi wa bure.

Mama mmoja, Tshibola, alinifuata akinichunga nisikanyage. Nikamwambia napima mboga ili wapate maji. Akanitazama kama mgonjwa.

"Pima tu, mama. Lakini kwa kandokando."

Nikapima lengalenga yote na utepe wangu. Ambapo mboga zilikatika, mtaro nao haujachimbwa — Tata alinionyesha. Nimepiga hesabu ndani ya gari. 0,93! Nimepiga honi kama bibi harusi anapita.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimelala usingizi mzito. Nimekula. Josias kaniita "mwokozi" mbele ya wote, nimeona haya, nimefurahi pia. Tata Ntambwe bado hapendi: anasema tunahesabu kuku ndani ya yai. Nimemwambia hatua ya tatu tumeiacha sifuri, kama anavyotaka. Akakubali kwa shingo upande.

Ijumaa, 22 Novemba

Niko Mutshatsha, nimekaa juu ya lundo la udongo. Naandika ili moyo utulie.

Madame Jocelyne ni mtu wa haki, lakini mboga hazimtoshi. Aliomba tufungue mahali pamoja, apachague yeye. Tata akachimba. Bomba! Buluu, zima, limelala vizuri. Madame akacheka, akasema inatosha, kazi iendelee, akasaini palepale juu ya boneti. Nilimkumbatia Josias. Bosi wangu! Mbele ya watu!

Ila habari ilikwisha kutangulia sokoni: wageni hawaamini kama bomba lipo, watafunga kazi. Mama Tshibola ndiye wa kwanza. Hakuombwa na mtu. Aling'oa lengalenga zake zote, zilizofika wakati wa kuuzwa, akaanza kuchimba chini ili bomba lionekane.

"Batazame! Batazame bien! Basitukatie mayi!"

Sasa mstari mzima, kuanzia tangi, wanawake wameinama na majembe. Nimepayuka hadi sauti imekwisha: bomba ni plastiki, mtalitoboa! Tata Ntambwe amelala kifudifudi kwenye shimo la Tshibola, anakinga bomba kwa mikono yake. Madame Jocelyne amevua viatu, anakimbia kwenye matope na karatasi yake juu: nimesaini, nimesaini! Hawamsikii; wanampungia mkono, wanamwonyesha mashimo, aone mwenyewe kwamba bomba lipo. Upande wa kanisa wameanza kuimba, na majembe yanafuata wimbo —