Mzee Mugambi Kapuliza Katriji

Shirleen, acha kila kitu usome. 

Mume wangu ametoka mtaa wa Smithfield sasa hivi, kwa mzee Mugambi mwenye makompyuta ya zamani, kunichukulia ile katriji ya BASIC, kile kijisanduku chenye lugha ya kompyuta. Bila kuichomeka, ile kompyuta ya kizamani niliyoazimwa darasani haielewi amri hata moja, na keshokutwa nawasilisha kazi yangu.

Gad kambeba Iteka wetu kifuani, mtoto wa miezi mitatu! Kasimama getini na barakoa yake.

Mzee anatoka. Anashusha barakoa. Anaipuliza katriji KWA MDOMO. Fuuu! Gad anayaona mate yanavyoruka. "Enzi zetu ndivyo ilivyokuwa, kijana. Usipopuliza haiwaki."

Halafu ANAILAMBA, Shirleen. Anailamba! Kisha anamnyooshea Gad, juu kabisa ya kichwa cha mtoto.

Unamjua Gad na heshima zake kwa wazee. Mkono ukaanza kwenda wenyewe. Akajikaza, akauliza: "Lakini mzee, u mzima?"

"Mzima kabisa! Nimepimwa korona jana, nasubiri tu majibu."

Nasubiri tu majibu!

Gad hakuaga. Alimwacha mzee na katriji yake mkononi, akakimbilia gari.

Nipewe sifuri, dada. Darasa nitalirudia.