Bosko Yuko Ndani

Shiku, usimwinue Bosko, mgongo umeumia. Asubuhi nilikuwa narivasi pikapu nipeleke maziwa, kumbe amelala chini yake akijikinga baridi.

~~Daktari anakuja saa nane kumdunga sindano ya kufa.~~

Hapana, nimempigia nikakataa. Alisema kwa kuwa Bosko akifinywa miguu bado anasikia uchungu, anaweza kupona, kwa hivyo tutajaribu dawa na kulala bila kusonga. Nimemweka kwa kile kizimba cha sungura, karibu na jiko. Dawa ni baada ya uji, si kabla.

Jana uliniomba alale ndani, nikakwambia mbwa ni wa nje. Nikirudi usinikumbushe.

Nimemfunika na koti langu la kanisa. Usilitoe, hata Jumapili.

Baba