Nyongeza ya Mteja

Okap, Haiti
3 Februari 2015

Kwa Shangazi Lisyèn,

Shikamoo Shangazi. Natumaini hujambo na goti limepunguza kuuma. Mimi mzima, ila kazi inanipeleka mbio. Hoteli imenipa shati lenye jina langu kifuani, na kila alasiri nawatembeza wageni mjini wakila vya barabarani. Tunaanza na barafu ya kukwangua yenye sharubati pale mbele ya kanisa kuu, tunapita kwa yule wa maandazi ya samaki, tunamalizia ufukweni. Wanapiga picha hata sahani tupu!

Jana tulipita kwenye kona yako. Najua ulinipungia mkono. Usinifikirie vibaya, muda ulitubana, na wale watu wakishasimama mahali hawaondoki. Nitakuja siku nyingine nile vizuri. Barua hii nampa Donasyen wa pikipiki kwa kuwa simu yako haipokelewi.

Mwana wa kaka yako,
Jislen


Okap, 6 Februari

Jislen,

Marahaba. Goti ni lilelile. Simu ni nzima, sikutaka tu kuipokea. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani.

Muda ulikubana, unasema. Yule mgeni wako, mama mwenye kofia ya ukindu, alikuuliza, "Yule anayekuita, mnajuana?" Ukacheka, ukamwambia, "Hawa wauzaji wanamwita kila mtu mwanangu, ndiyo biashara yao. Tena hapa tusile, mafuta yake ya zamani."

Kiingereza changu kimeota kutu, Jislen, lakini hakijafa. Nilipika Nassau, kule Bahama, miaka sita, na viatu vyako vya kwanza vya shule vilitoka huko. Ulisahau, au uliona mwanamke mwenye aproni hana masikio?

Mafuta nayabadilisha kila Jumatatu. Unajua vizuri, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinibebea galoni. Yule mama alinitazama kwa huruma. Huruma, mimi! Niliporudi kwenye karai ndizi moja ilikuwa imeungua, na mimi siunguzi ndizi.

Sina zaidi.

Lisyèn,
muuzaji wa kona


Okap, 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo, kama bado naruhusiwa kukuamkia. Nimeshachana barua tano.

Niliona aibu, Shangazi. Si kwa sababu yako, ni... hapana, nikianza hivyo nitakuwa nadanganya tena. Nilikuonea aibu wewe. Ile aproni, ule mkaa, kile kiti cha plastiki kilichofungwa kamba mguuni. Niliogopa yule mama akijua kwamba nimelelewa nyuma ya karai, ataninusa mafuta hata ndani ya shati la hoteli. Sasa najionea aibu mimi mwenyewe, na hii haitoki kwa kuoga.

Jumatano nilikuja. Nilipanga foleni nyuma ya mafundi rangi wawili. Tangu utoto sijawahi kupanga foleni kwako. Nilikuwa nachopoa griyo yako ya nguruwe kwenye beseni kwa mkono, ingali moto, unanigonga vidole kwa upawa, tunacheka. Zamu yangu ilipofika ukasema, "Karibu, bwana. Pilipili nyingi au kidogo?" Ukanipimia nguruwe na ndizi za kubonyeza, ukatia kabichi ya siki, halafu ukaniwekea kipande kimoja cha griyo juu, cha bure.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi najua nyongeza ni ya nani. Mji mzima huu, muuzaji humwongezea mteja ili arudi kesho. Wa nyumbani haongezewi, wa nyumbani anajichukulia. Fundi rangi mmoja akanitania, "Duh, kaka, leo umependwa!" Kile kipande nilikifunga kwenye karatasi nikaenda nacho nyumbani, kikanikaukia mezani.

Nakuomba, Shangazi, nitukane mbele ya watu ukitaka. Nigonge upawa. Lakini usinipe nyongeza tena.

Sijui nimalizie kwa kujiita nani.

Jislen


Okap, 5 Machi

Jislen,

Marahaba. Goti linauma, ulipaswa kuuliza.

Yule mama wa kofia alirudi peke yake kabla ya kusafiri. Alikula sahani mbili, na tumbo halikumuuma. Nilipomjibu kwa Kiingereza alishtuka mpaka akaangusha uma. Akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia ninaye mmoja, kijana, anafanya kazi hotelini. Jina sikumtajia. Limeandikwa kwenye shati lako.

Na jambo moja ulijue: simwiti kila mtu mwanangu. Wateja nawaita bwana na bibi. Umeshasikia mwenyewe jinsi inavyokuwa.

Hasira yangu haijaisha, nisikudanganye. Lakini Jumamosi mafuta yanawekwa motoni saa tisa, ndizi ni nyingi, na vidole vyangu vimechoka kumenya. Kisu unajua kinapokaa. Wageni wako waambie safari ya siku hiyo inaanzia kwenye kona yangu, wakukute umekaa kwenye kiti cha kamba, unamenya.

Uje na shati la hoteli. Aproni ni moja tu, na ni yangu.

Shangazi yako,
Lisyèn