Binti Anajipa Makosa Mwenyewe

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana haya ninayoyaona ndani ya nyumba yangu jirani akisikia anasema naongeza chumvi, na mimi chumvi siongezi, labda kidogo tu. Naishi na binti wa kaka yangu, anasoma kemia chuo kikuu, na zamani alikuwa anasoma mpaka raha, kitabu amekipaka wino wa njano ukurasa mzima, anakariri kwa sauti kama redio, mimi chumba cha mbele nasuka wateja nawaambia mnamsikia huyo, huyo atatutengenezea dawa. Mtihani ukaja akaanguka puu! Mwalimu wao akawaambia kila mtu akajiulize anasomaje, na tangu hapo mtoto kaharibika. Kitabu anakifunga, anaandika anayoyakumbuka kwenye karatasi tupu, halafu anakifungua, anashika kalamu nyekundu na kujikosoa mwenyewe, X hapa, X pale, karatasi inavuja damu. Nikamuuliza, "We mtoto, umelogwa?" Ananijibu, "Shangazi, zamani nilikuwa nimezoea sura ya ukurasa tu, nilikuwa sijui kitu." Sura ya ukurasa! Ukurasa una pua? Juzi kanifuata, "Shangazi, nikueleze asidi, uniambie wapi hujaelewa." Mimi niliyeishia darasa la nne! Nikaona ananifanyia dhihaka. Nikazichukua zile karatasi nikawaonyesha wateja, mmoja akacheka, "Dawa zake mimi sinywi!" Nikampigia na kaka simu kwamba mwanao anakosa kila kitu, naye kasema binti arudi nyumbani mara moja, na mtihani wa marudio ni wiki ijayo. Sasa binti hasemi na mimi, eti nimemharibia. Mimi nimekosa nini?

Shangazi, unauliza umekosa nini? Weka kitana chini kwanza. Uchungu wako nauona, mtoto uliyejivunia kaanguka na sifa ulishazigawa mtaa mzima. Lakini wino wa njano ulikupendeza wewe, haukumfaulisha yeye! Kusoma kitu mpaka ukakizoea si kukijua. Hujasikia usipoziba ufa utajenga ukuta? Binti anazitafuta nyufa zake mapema, wewe unaita watu waje kuzicheka. Mtu kajikagua, kaona kosa, kabadilika, halafu unamwita kalogwa! Watu wazima wangapi wanaweza hilo? Wewe unaweza?

Na dhihaka hakukufanyia. Akimweleza mwenzake wa darasani akaruka neno, mwenzake analijazia kichwani. Wewe hujui, kwa hiyo kwako hawezi kujificha. Amekuheshimu, mama.

Leo, kabla hujashika kichwa cha mtu, mpigie kaka yako. Usizunguke zunguke. Sema, "Nilikuambia nisilolijua, mwache mtoto afanye mtihani." Akikataa, piga tena, wewe ni dada yake, hushindwi. Kisha muombe binti radhi mbele ya wateja walewale. Halafu keti, akueleze hiyo asidi. Usipoelewa, sema. Ukielewa, usimtangazie mtu.